Dada mwalimu, kaka wa kiwandani, mimi mpishi wa hoteli: mbona mafao yetu hayafanani?

Shangazi, salaam aleikum. Nakuita Shangazi kama wengine ingawa huenda nimekuzidi umri, niwie radhi. Mimi ni mpishi kwenye hoteli moja ya huku kusini mwa Pwani, niliingia mwanzo wa 2002 nikiosha masufuria, saa hii nasimamia jiko la mchana. Nina miaka 58, mshahara wangu wa msingi ni 32,000.

Kwetu tuko watatu. Kaka mkubwa ana miaka 62, alikuwa kiwandani Changamwe miaka 19 mpaka 2012 walipompunguza akiwa na miaka 48. Kampuni yao ilikuwa na pensheni yake, akapewa 480,000 zote kwa mkupuo, akanunua matatu nusu kwa nusu na rafiki yake, ile gari ikala pesa mpaka ikaisha, leo hana kitu cha mwezi. Dada yetu ni mwalimu wa primari, mwaka jana alifikisha 60 akastaafu, akangoja miezi mingi mpaka tukaanza kumuonea huruma, halafu ikaingia milioni 2.7 na kila mwezi anapata 33,750. Hakuwahi kukatwa hata senti ya kustaafu maisha yake yote, yeye mwenyewe anasema hivyo.

Sasa mimi. Nimeenda ofisi ya wafanyakazi kuuliza yangu ni ngapi, yule kijana akaniambia mzee, wewe huna pensheni hapa, wewe una NSSF, ule mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na kiinua mgongo cha CBA, ule mkataba wa yunioni na hoteli, basi. Shangazi nilishikwa na baridi. Mimi nimekatwa pesa ya yunioni kila mwezi miaka yote hii, nilijua ndiyo inayonitunzia uzee wangu. Tena mpwa wangu mtoto wa dada yuko Marekani anaendesha lori, yeye yunioni yake ina pensheni kabisa, anapata karatasi kila mwaka inayomwambia utalipwa hivi kila mwezi. Mbona yetu haina?

Kaka anasema niache kazi sasa hivi nichukue changu tununue tuktuk na mwanawe kabla hoteli haijauzwa, manake kuna uvumi wa kuuzwa. Dada anasema ningoje. Mke wangu hasemi kitu ila naona halali. Na jambo jingine sijui kama lina maana, wakati wa korona 2020 hoteli ilifunga tukarudishwa nyumbani, Machi 2021 wakatuita tena tukatia sahihi barua mpya. Hata kabla ya hapo msimu ukiwa mbaya, Aprili mpaka Juni, tulikuwa tunapewa likizo bila malipo. Nisaidie, nifanye nini?

Mpishi, Kwale

*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, kwa hiyo nivumilie kama nitaandika kirefu. Miaka 14 nimekaa ofisi ya mishahara na watu wa hoteli na mashamba wanaokuja na swali lako ni wengi mno, na wengi wanakuja wakiwa washatia sahihi ya kuondoka. Wewe umekuja kabla. Kwa hiyo la kwanza kabisa, usiandike barua ya kuacha kazi. Tuktuk itangoja.

Nyinyi watatu msilinganishe kiasi kwanza. Ulizeni pesa ya kila mmoja imekaa wapi, maana hapo ndipo mlipotofautiana.

Ya dada yako haikukaa popote. Yeye yuko kwenye ile pensheni ya zamani ya serikali, mfanyakazi hachangii, inalipwa moja kwa moja kutoka hazina ya taifa kwa hesabu iliyoandikwa kwenye sheria. Hebu tazama hesabu yenyewe ili uone haikutoka kwa huruma ya mtu: miezi aliyofanya kazi unagawa kwa 480, unazidisha na mshahara wa msingi wa mwaka. Kwa hizo pesa ulizotaja naona alifanya miaka 30 na mshahara wa msingi ulikuwa kama 60,000, basi ni 360 kwa 480, mara 720,000, inatoka 540,000 kwa mwaka. Robo yake, yaani 135,000, inazidishwa mara 20 na kulipwa kwa mkupuo, ndiyo hiyo milioni 2.7, zile robo tatu zilizobaki ukizigawa kwa miezi 12 unapata 33,750 yake. Atalipwa mpaka afe, na akifa wanaomtegemea wataendelea kulipwa miaka 5. Ubaya wake ni ule alioupata, kungoja, na pia kama angeondoka kabla ya kutimiza miaka 10 kazini hangepata pensheni. Na walimu vijana wasimwonee wivu wakidhani na wao wako humo. Tangu Januari 2021 wale waliokuwa chini ya miaka 45 waliingizwa kwenye mfuko mpya wa watumishi wa umma ambao mtu anakatwa asilimia 7.5 na serikali inaweka 15, hiyo sasa ni chungu chenye jina lako, kilichomo ndicho utakachopata.

Ya kaka yako ilikuwa chungu vilevile, ila cha kampuni. Kampuni Kenya hailazimishwi kuwa na pensheni yake zaidi ya NSSF, ikiamua kuwa nayo lazima isajiliwe na RBA, mamlaka ya serikali inayosimamia mifuko ya kustaafu, na pesa inatoka mikononi mwa kampuni inashikwa na wadhamini, kuna benki inayoitunza, kuna meneja wa kuiwekeza, na wafanyakazi wana haki ya kuchagua baadhi ya hao wadhamini. Maana yake kampuni ikifilisika, wanaoidai hawawezi kuja kuichota ile pesa. Huo ndio uzuri wake mkubwa na watu hawaujui.

Lakini hapo kwa kaka yako kuna kitu kimenifanya nisimame. Anasema alipewa zote. Mimi sidhani. Kanuni za RBA ni kwamba mtu akitoka kazini kabla ya umri wa kustaafu anaweza kuchukua mchango wake wote na nusu ya ule wa mwajiri, nusu ya pili ya mwajiri inabaki mfukoni inazaa faida mpaka afikie umri wa kustaafu. Yeye alitoka na miaka 48, mwaka 2012. Saa hii ana 62. Kwa hiyo ipo dalili kubwa kwamba kuna pesa yake imelala huko miaka 14 na hakuna aliyemtafuta kwa sababu labda namba ya simu alishabadilisha. Nitairudia hiyo mwisho.

Sasa yako, maana ndiyo iliyokunyima usingizi wewe na mkeo.

Ile pesa ya yunioni unayokatwa haikuwa akiba. Najua inauma kusikia hivyo baada ya miaka 24, na ninasikitika kwamba hakuna kiongozi aliyewahi kukaa chini na nyinyi akawaambia waziwazi. Ni ada. Inalipa ofisi za chama, wakili wa chama, na wale wanaoenda kukaa mezani na wenye hoteli kubishania mishahara. Kama chama kina Sacco na wewe uliweka hisa, hizo ni zako, ni kitu tofauti kabisa, tazama karatasi ya mshahara kama kuna laini mbili au moja. Lakini ada yenyewe hairudi.

Kwa mpwa wako ni vingine, naye hakukudanganya. Marekani wana mifuko ya pensheni ya yunioni iliyotokana na sheria ya mwaka 1947, waajiri wengi wa kazi moja wanachangia mfuko mmoja kwa kila saa dereva aliyofanya kazi, na wadhamini wake ni nusu kutoka yunioni nusu kutoka kwa waajiri. Dereva akihama kampuni hii kwenda ile, maadamu zote ziko kwenye mkataba wa yunioni, miaka yake haikatiki. Ni kitu kizuri sana. Ila na kule si kwamba haiyumbi, mfuko mmoja mkubwa wa madereva wa malori ulikuwa unaelekea kukauka mpaka serikali yao ikauokoa Desemba 2022 kwa kama dola bilioni 36. Mwambie mpwa wako aulize pia kuhusu ile ya serikali yao, Sosho Sekyuriti, maana hiyo anakatwa mbali asilimia 6.2 na kuipata anahitaji kama miaka 10 ya kazi kwa jumla. Asije akarudi nyumbani na miaka 9.

Kwetu chama hakikushikii pesa. Kilichokufanyia ni kukuandikia deni. Kwenye ule mkataba wa pamoja, CBA, kuna kifungu kinasema mtu akistaafu hoteli itamlipa kiinua mgongo cha siku kadhaa kwa kila mwaka aliofanya kazi. Hiyo pesa haiko benki kwa jina lako, haina wadhamini, hoteli ndiyo inadaiwa na italipa siku ukiondoka. CBA ikishasajiliwa mahakama ya kazi inakuwa sehemu ya mkataba wako wewe mwenyewe, hata kama barua yako ya ajira haitaji neno pensheni. Kwa hiyo yule kijana wa ofisini aliposema "kiinua mgongo basi" alisema kweli, ila hilo "basi" lake limekutia hofu bure, hebu tuhesabu.

Sijaiona CBA yenu kwa hiyo huu ni mfano. Tuseme inasema siku 20 kwa mwaka. Mshahara 32,000 ukigawa kwa siku 30, mara 20, mara miaka 24, inakuja 512,000. Ukigawa kwa 26, kama CBA inahesabu siku za kazi tu, inakuja 590,000 na kitu. Umeona, namba moja tu ndogo, 26 au 30, na ni zaidi ya elfu 78, pesa ya mabati ya nyumba nzima. Sasa tazama hii nyingine. Kama hoteli itasema wewe uliajiriwa upya Machi 2021, miaka inakuwa 5, hesabu ya kwanza inashuka mpaka 106,667. Ndugu yangu, ulisema hujui kama ile barua ya korona ina maana. Ndiyo yenye maana kuliko kitu kingine chochote ulichoniandikia.

Itafute leo. Kama huna nakala iombe kwa maandishi. Unatafuta mambo mawili, tarehe ya kuajiriwa iliyoandikwa humo, na kama kuna sentensi yoyote inayosema kazi ya kwanza ilikwisha. Halafu jiulize, 2020 ulipewa barua ya kupunguzwa kazi? Ulilipwa chochote? Sheria ya ajira ya 2007 inasema mtu akipunguzwa kazi anapewa notisi, na chama na afisa wa leba wanaarifiwa, na analipwa zisizopungua siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Kama hakuna hata kimoja kilichofanyika, una hoja nzito ya kusema hukufutwa, ulipumzishwa, na miaka yako inaendelea tangu 2002. Zile likizo bila malipo za Aprili mpaka Juni ni hivyohivyo, mtu aliye likizoni bado ni mwajiriwa, ila soma CBA inasema nini juu ya kuhesabu hiyo miezi. Nenda kwa mwakilishi wenu wa chama umwambie akupe CBA uisome mwenyewe, na usikubali asome yeye akueleze. Akizungusha nenda ofisi ya chama ya kaunti. Hapo ndipo ada yako ya miaka 24 inatakiwa ifanye kazi, wadai wakutafutie wakili aitazame hiyo barua. Usikae nayo, madai ya ajira yana miaka 3 tu kisheria, na ni bora wakili akuambie sasa mlango upi uko wazi kuliko uusubiri mpaka siku ya kustaafu.

Na hapo hapo kwenye CBA tazama tofauti ya kustaafu na kuacha kazi. Mikataba mingi anayeacha mwenyewe anapata kidogo kuliko anayestaafu, kuna mingine hapati kabisa. Ndio maana nimekuambia usiandike barua. Ukiacha kwa ajili ya tuktuk unaweza kuacha laki tano mezani. Hoteli ikiuzwa na ikabidi wakupunguze, hapo unadai siku zako za kupunguzwa na kile CBA inachosema, wewe ukijitoa mwenyewe siku moja kabla umejinyima vyote. Hofu ya kaka yako si ya kijinga, kwa sababu deni la hoteli si kama chungu cha kiwandani chenye wadhamini, hoteli ikifilisika unapanga foleni na wanaodai wengine. Lakini dawa yake ni chama kuuliza mapema, kwa barua, mwenye kununua atabeba miaka ya wafanyakazi au wa sasa atawalipa kabla ya kuuza. Ulizeni kabla funguo hazijabadilisha mikono.

Bado NSSF. Hii watu wanaidharau kwa sababu ya ile 200 ya zamani na si kosa lao. Wewe ulikatwa 200, hoteli ikaweka 200, 400 kwa mwezi ni 4,800 kwa mwaka, tangu 2002 mpaka sheria mpya ilipoanza kutekelezwa Februari 2023 ni 100,800 bila faida. Miaka 21. Halafu makato yakaruka mpaka 1,080, na Februari 2024 yakafika 1,920 kwa mshahara wako, yaani asilimia 6, na hoteli inaweka kama hizo. Najua mlilalamika, kila mtu alilalamika, hata mimi kwenye jikoni kwangu niliisikia. Lakini 3,840 kwa mwezi ni 46,080 kwa mwaka, kwa hiyo miaka miwili hii imekuwekea 92,160, karibu sawa na ile miaka 21 yote. Ukingoja mpaka 60 unaongeza nyingine kama hizo. Hapo dada yako ana haki kukwambia ngoja.

Ila usiamini makato ya kwenye karatasi ya mshahara peke yake. Nenda Huduma Centre na kitambulisho na namba yako ya NSSF, omba taarifa ya michango tangu siku ya kwanza, kaa chini na miwani upitie mwezi kwa mwezi. Nakuambia hivi kwa sababu niliwahi kukaa na mama mmoja wa kufua nguo hotelini, tukakuta miezi 31 amekatwa kwenye karatasi ya mshahara na kule hakuna kitu. Alikuwa ameziweka karatasi zake zote kwenye mkebe wa biskuti, zimekunjwa moja moja, zile za zamani wino umeshafifia ukawa wa kahawia. Kwa hizo karatasi mwajiri alilipa. Kama zako ziko mahali, hata chini ya godoro, zitoe uzipange kwa mwaka.

Kwenye NSSF tazama pia nani umemwandika kuwa mrithi. Uliingia 2002, huenda jina lililoko ni la marehemu mama yako. Mweke mkeo, na umwambie umemweka, atalala.

Mtu asikupeleke mbio kwa maneno kwamba NSSF mtu anaweza kuchukua akiwa na 50 na kuendelea. Ni kweli unaweza, ukiwa umeacha kazi. Lakini ukishachukua ndio mwisho wa zile 3,840, na kilichobaki ni tuktuk ambayo kijana anaijua kuiendesha lakini sijasikia kama anajua kuirudishia pesa yake. Kama mnaipenda hiyo biashara, kaeni mfanye hesabu ya mafuta, bima na matengenezo kwa miezi mitatu bila kugusa mafao, tena kaka yako ndiye anayefaa kuwafundisha hiyo hesabu kwa sababu ya ile matatu, alilipa ada kubwa kuijua.

Sasa huyo kaka. Mwambie atafute kitu chochote chenye jina la ule mfuko wa pensheni, barua ya 2012, kadi ya kazi, taarifa ya mwaka, hata hati ya benki ile 480,000 ilipoingia. Aandike kwa wadhamini wa mfuko, siyo kwa meneja wa kiwanda, aulize: mchango wa mwajiri uliobaki kwa jina langu ni kiasi gani leo, na faida yake. Kama kiwanda kilifungwa au mfuko ulihamishwa, RBA wanajua ulikwenda wapi. Na kama ulikaa sana bila mwenyewe, kuna ofisi ya serikali inayopokea mali zisizodaiwa, UFAA, na kule jina lake litafutwe pia, pesa ikishafika huko bado ni yake. Wadhamini wakimzungusha analalamika RBA, hailipiwi. Asitoe hata shilingi kwa mtu atakayempigia simu akisema anamfuatilia.

Ukipata ile barua ya Machi 2021 niandikie tena, uninakilie sentensi ya tarehe ya kuajiriwa kama ilivyo, neno kwa neno.